Magadi, na Siku Mitambo Itakaponyamaza

Sisi tukaao Embulbul, ambao kila alfajiri twaiona milima ya Ngong upande wa magharibi, aghalabu hatukumbuki kwamba nyuma ya mgongo wake nchi yaporomoka hadi bonde la joto kali, na huko, ukishapita Kiserian na Olorgesailie, upo mji kando ya ziwa, ambao jina lake limo jikoni mwetu: maana mama atiapo chembe ya magadi katika chungu cha maharagwe ili yalainike upesi, hutia kitu cha jinsi ile ile kilichotanda juu ya ziwa lile kama ukoko, mweupe penye jua na mwekundu penye maji.

Kampuni ya Magadi Soda iliasisiwa mwaka 1911, mwaka ule ule ambao mkataba wa pili na serikali ya kikoloni uliwatoa Wamaasai Laikipia. Na reli, ikianzia Konza na kupita Kajiado, iliteremka bondeni masafa ya kilomita 146 hata ikawasili ziwani mwaka 1915. Baadaye miliki ilihamia kwa Brunner Mond wa Uingereza, na katika karne hii kwa Tata wa Uhindi. Nyumba, hospitali, shule, hata maji ya kunywa katika nchi ile kame, vyote vilikuja kwa mkono wa kampuni.

Tafauti ya Magadi na migodi mingine ni kwamba chemchemi za moto hulilisha ziwa daima, na palipochimbwa ukoko huota tena. Kwa hiyo hatima ya mji huu haimo ardhini bali imo daftarini, katika hesabu ya gharama na bei. Na mwaka 2014, kiwanda kimojawapo cha kusafishia magadi kilipofungwa kwa hasara na watu wakaachishwa kazi, ziwa lilikuwa limejaa vile vile.

Ili kujua ni nini hufuata mitambo inaponyamaza, tazama Kilembe, Uganda, ambako shaba ilianza kuchimbwa mwaka 1956 na reli ikafikishwa mji jirani wa Kasese kwa ajili yake. Uchimbaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyumba na hospitali zilibaki, ila tajiri aliyezitunza hakuwapo. Na mto Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013 uliwakumba watu ambao mgodi wao ulikuwa umelala miaka thelathini. Kasese, kwa upande wake, iliendelea kuishi, kwani ilikuwa na soko, mashamba na njia ya watu wasiohusiana na shaba.

Naamini Magadi yaweza kuwa Kasese, lakini si kwa kungoja. Bomba la maji, hospitali na viwanja vya nyumba vyafaa viandikwe sasa kwa jina la wakazi na kaunti, wakati mitambo ingali yanguruma na kampuni ingali na sababu ya kuketi mezani. Enyi wakuu wa Kajiado, na nyinyi wazee wa Magadi ambao ziwa la baba zenu lilikodishwa kwa wageni, liandikeni jambo hili katika mkataba kabla treni ya mwisho haijapanda kurudi Konza.