Mikono na Maumivu ya Nyonga: Historia ya Ostiopathi

Sakafu ya nyonga ni misuli, kano na tando zilizotandazwa chini ya kiwiliwili kama machela, kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Juu yake hukaa kibofu cha mkojo, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kizazi kwa wanawake na tezi dume kwa wanaume. Misuli hiyo hujikaza ili kuzuia mkojo na choo, hulegea wakati wa haja, na hupanda na kushuka pamoja na kiwambo cha kifua kila mtu anapopumua. Ikilegea kupita kiasi, mkojo huvuja na viungo vya ndani hushuka. Ikijikaza bila kuachia, huleta maumivu ya msamba, kinena na kiuno, maumivu ya kukaa na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Maumivu ya aina hiyo yakidumu miezi 6 au zaidi huitwa sugu.

Ostiopathi, tiba ya mikono iliyozaliwa Marekani katika karne ya 19, ilishughulika na sehemu hii ya mwili tangu miaka yake ya mwanzo. Wazo lake kuu lilikuwa kwamba nyonga inaweza kuuma kwa sababu ya misuli, kano na viungo vya mifupa, hata pale ambapo kizazi au kibofu ni kizima. Wazo hilo limesimama hadi leo. Maelezo mengi yaliyolizunguka hayakusimama, na ilichukua zaidi ya miaka 100 kuyatenganisha.

Katikati ya karne ya 19 madaktari wa Ulaya na Marekani waliomtibu mwanamke mwenye maumivu ya nyonga walielekeza macho kwenye kizazi na ovari. Aliyeonekana kuwa na kizazi kilichoinamia nyuma aliwekewa pete ya kukishikilia. Wengine walichomwa kwa dawa kali kwenye shingo ya kizazi au waliwekewa ruba. Mwaka 1872 daktari Robert Battey, wa mji wa Rome katika jimbo la Georgia, alianza kuondoa ovari zisizo na ugonjwa unaoonekana, akitumaini kwamba maumivu na misukosuko ya neva ingekwisha. Upasuaji huo ulienea pande zote mbili za Atlantiki. Wanawake waliofanyiwa walibaki tasa, baadhi walikufa, na wapo ambao maumivu yao yalibaki palepale.

Njia nyingine ilitoka Uswidi. Thure Brandt (1819–1895) alikuwa ofisa wa jeshi aliyefunzwa mazoezi ya tiba katika taasisi ya Stockholm iliyoanzishwa na Pehr Henrik Ling mwaka 1813. Kuanzia miaka ya 1860 aliwatibu wanawake walioshukwa na kizazi au waliokuwa na maumivu ya nyonga, bila kisu. Kidole cha mkono mmoja kilishikilia kizazi kutoka ndani ya uke, na mkono wa pili ulichua tumbo la chini taratibu kwa mizunguko. Kisha mgonjwa alifungua na kufumba magoti dhidi ya ukinzani wa mikono ya mtabibu huku akiinua makalio, zoezi lililoitia nguvu misuli ya sakafu ya nyonga. Katika miaka ya 1880 Brandt alionyesha kazi yake mjini Jena, Ujerumani, mbele ya Profesa Bernhard Schultze, na njia hiyo ikaingia katika kliniki kadhaa za Ujerumani, Austria na Ufaransa. Ilipingwa kwa sababu za staha. Usalama wa upasuaji ulipoongezeka kwa kutumia nusukaputi na usafi wa vyombo, ilififia.

Ostiopathi yenyewe ilianzishwa na Andrew Taylor Still, aliyezaliwa Virginia mwaka 1828, mtoto wa mhubiri wa Kimethodisti ambaye pia alikuwa tabibu. Still alijifunza tiba kwa kumfuata baba yake kazini, kisha akahudumu upande wa Muungano katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo iliua watoto watatu wa nyumba yake, na dawa za wakati huo hazikuweza kuwaokoa. Alipoteza imani na tiba iliyotegemea zebaki, afyuni na kumtoa mgonjwa damu. Mwenyewe aliitaja tarehe 22 Juni 1874 kuwa siku ya kuzaliwa kwa ostiopathi. Alifundisha kwamba mwili una uwezo wa kujiponya, kwamba umbo na kazi ya kiungo hutegemeana, na kwamba damu na neva zikizuiwa njiani ugonjwa huanza.

Mwaka 1892 Still alifungua shule mjini Kirksville, Missouri. Wanawake walikubaliwa tangu darasa la kwanza, na Jeanette Bolles alikuwa mmoja wao. Katika zama ambazo shule nyingi za udaktari zilifungia wanawake mlango, jambo hilo lilikuwa na uzito wake, kwani mgonjwa aliyeona haya kumweleza mwanamume matatizo ya sehemu za siri aliweza kumpata tabibu mwanamke. Magonjwa ya wanawake yakawa somo kubwa katika taaluma hii mpya. Kufikia mwaka 1902 Percy Woodall alikuwa amechapisha kitabu kizima cha ostiopathi ya magonjwa hayo.

Matabibu wa Kirksville walianzia mgongoni. Neva zinazohudumia kibofu, kizazi na misuli ya msamba hutoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo na kwenye sakramu, yaani mfupa mpana ulio kati ya mifupa miwili ya nyonga. Kwa hiyo tabibu alipapasa kiuno, akakagua viungo vinavyounganisha sakramu na nyonga, akalegeza misuli iliyokaza, akanyoosha kifandugu kilichopinda kwa kuanguka au kwa uzazi, na kuinua viungo vya tumbo kwa mikono. Wengi walipata nafuu. Sababu waliyoitoa ilikuwa kwamba mfupa uliohama kidogo ulikuwa umebana mshipa wa damu au neva, na sasa umerudishwa mahali pake.

Maelezo hayo ndiyo yaliyokuwa udhaifu wa taaluma. Picha za eksirei, zilizogunduliwa mwaka 1895, hazikuonyesha kuhama kwa mifupa kwa namna iliyodaiwa. Ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 juu ya shule za udaktari za Marekani na Kanada ilizilaumu vikali shule za ostiopathi kwa uhaba wa maabara, wagonjwa wa kufundishia na walimu. Shule hizo zilijirekebisha kwa kuongeza masomo ya dawa na upasuaji, na kufikia mwaka 1973 madaktari wa ostiopathi walikuwa na haki kamili ya udaktari katika majimbo yote ya Marekani. Ushindi huo ulikuwa na gharama yake, kwa kuwa wahitimu wengi walianza kufanya kazi kama madaktari wengine na tiba ya mikono ikapungua mikononi mwao.

Wakati huohuo ushahidi juu ya misuli ulikuwa ukikusanywa na watu walio nje ya ostiopathi. Maumivu ya kifandugu yalikuwa yamepewa jina la kitabibu mwaka 1859 na James Young Simpson wa Edinburgh, na kwa muda mrefu mfupa wenyewe ndio uliolaumiwa, hata ukakatwa. Mwaka 1937 George Thiele, daktari wa magonjwa ya njia ya haja kubwa mjini Kansas City, Missouri, alieleza kwamba kwa wagonjwa wengi chanzo kilikuwa misuli inayoshika kifandugu kukakamaa. Alitibu kwa kidole kilichoingizwa kwenye njia ya haja kubwa, akiichua misuli hiyo kwa kufuata nyuzi zake. Njia hiyo bado hujulikana kwa jina lake. Mwaka 1948 Arnold Kegel wa California aliandika juu ya mazoezi ya kukaza misuli ya msamba kwa wanawake waliovujwa na mkojo baada ya kuzaa, akitumia kifaa cha kupimia nguvu ya mkazo. Kati ya Thiele na Kegel pande mbili za tatizo zilikuwa zimeonekana: misuli iliyokaza huhitaji kulegezwa, na misuli dhaifu huhitaji kutiwa nguvu. Kumpa mgonjwa wa aina ya kwanza mazoezi ya aina ya pili kunaweza kumwongezea maumivu.

Ndani ya ostiopathi, matabibu wa baadaye walibuni mbinu laini zaidi. Fred Mitchell Mkubwa aliandika mwaka 1948 juu ya nyonga iliyo katika mizani, na mbinu zake zikatumia nguvu ya mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa husukuma paja polepole dhidi ya mkono wa tabibu, huacha, na misuli iliyolegea husogezwa mbele kidogo. Lawrence Jones wa Oregon, kwa kazi aliyoianza mwaka 1955 na kuichapisha mwaka 1964, alionyesha njia ya kumweka mgonjwa katika mkao ambao sehemu inayouma hutulia, na kumwacha hapo kwa muda kabla ya kumrudisha taratibu. Mbinu zote mbili zinafaa kwenye nyonga kwa sababu hufanyika kutoka nje ya mwili na hazihitaji nguvu kubwa.

Barani Ulaya taaluma ilishika njia yake. John Martin Littlejohn, Mskoti aliyesomea Kirksville, alianzisha shule ya London mwaka 1917. Huko ostiopathi ilibaki kuwa kazi ya mikono iliyo kando ya udaktari, na Uingereza iliitambua kwa sheria mwaka 1993. Nchini Ufaransa, Jean-Pierre Barral alieneza tangu miaka ya 1980 utaratibu wa kushughulikia tando na kano zinazoshikilia viungo vya ndani, vikiwemo kibofu na kizazi. Ufaransa iliitambua ostiopathi mwaka 2002, lakini amri ya serikali ya mwaka 2007 ilikataza watoa huduma hiyo kufanya tiba za mikono za uzazi na magonjwa ya wanawake, pamoja na uchunguzi wa nyonga kwa kidole cha ndani.

Wanaume waliingia katika mjadala huu wakiwa wamechelewa. Mwanamume mwenye maumivu ya msamba kwa kawaida aliambiwa ana uvimbe wa tezi dume, akapewa dozi baada ya dozi ya viuavijasumu, ingawa vipimo havikuonyesha bakteria. Mwaka 1995 taasisi za taifa za afya za Marekani zilipendekeza mgawanyo mpya ulioipa hali hiyo nafasi yake chini ya jina la maumivu sugu ya nyonga. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Rodney Anderson na wenzake walichapisha mwaka 2005 matokeo ya wanaume 138 waliotibiwa kwa kulegezwa vinundu vya maumivu katika misuli pamoja na mafunzo ya utulivu. Mwaka 2009 jaribio la Ujerumani lenye wagonjwa 35 lilionyesha nafuu kubwa kwa wanaume waliopata tiba ya ostiopathi kuliko waliopewa mazoezi mepesi. Idadi hiyo ni ndogo, na matokeo yake yanahitaji kurudiwa kwa kundi kubwa zaidi.

Majaribio mengine yamesaidia kupima nini hasa hufanya kazi. Katika jaribio la Marekani la mwaka 2009 lenye wagonjwa 47, wanawake kwa wanaume, asilimia 57 ya waliochuliwa misuli ya nyonga na wataalamu wa fiziotherapia waliripoti nafuu, dhidi ya asilimia 21 ya waliochuliwa mwili mzima. Kwa hiyo mguso wa jumla hautoshi, na mahali panapoguswa ni jambo la maana. Utafiti wa ostiopathi kwa wajawazito 400 wa Texas, uliochapishwa mwaka 2015, ulitoa somo lenye tahadhari. Waliotibiwa kwa mikono walipata nafuu ya maumivu ya mgongo kuliko waliopata huduma ya kawaida pekee, lakini hawakutofautiana sana na waliopewa tiba bandia ya mashine. Sehemu ya nafuu hutokana na muda, uangalizi na matumaini.

Leo tabibu makini wa ostiopathi huanza kwa kuhakikisha kwamba hakuna saratani, maambukizi au ugonjwa wa endometriosisi unaohitaji daktari mwingine. Huchunguza mgongo, nyonga, upumuaji, makovu ya upasuaji na ya uzazi, kisha misuli kutoka nje. Uchunguzi wa ndani hufanywa pale tu unapohitajika, sheria inaporuhusu na mgonjwa anaporidhia. Kazi hufanyika pamoja na daktari, mtaalamu wa fiziotherapia na mshauri nasaha.

Sharti la ridhaa lina historia chungu. Larry Nassar, daktari wa ostiopathi wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani, aliwanyanyasa kingono wanamichezo wengi, wakiwemo watoto, akidai kwamba anatibu sakafu ya nyonga. Zaidi ya wanawake na wasichana 150 walisimama au kutuma maelezo mahakamani Michigan, na Januari 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Maelezo kamili kabla ya kuguswa, glavu, shahidi chumbani, kumbukumbu ya maandishi na haki ya mgonjwa kusema hapana wakati wowote ni kipimo cha chini kabisa cha tiba halali ya sehemu hii ya mwili. Asiyetimiza masharti hayo hapaswi kuruhusiwa kumgusa mgonjwa.

Wazo kwamba mifupa iliyohama huzuia damu na kuleta magonjwa ya nyonga limeanguka. Kilichobaki ni ujuzi wa kupapasa, kulegeza na kufundisha upya misuli ambayo tiba ya dawa na kisu iliipita bila kuitazama, na ujuzi huo sasa unashirikiwa na ostiopathi na fiziotherapia. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba vipimo vyake ni safi, na bado anaumia, ana haki ya kuchunguzwa misuli ya nyonga kabla ya kuambiwa kwamba hana ugonjwa.