Kazi ya Kila Siku ya Mchoraji wa Tingatinga

Uchoraji wa Tingatinga ulianzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), mzaliwa wa kusini mwa Tanzania. Alichora kwenye hadibodi za mraba kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ile iliyopakwa baiskeli. Warithi wake waliunda chama cha ushirika mwaka 1990. Karakana yao iko Morogoro Stores, Oysterbay, na sasa aghalabu huchora kwenye kitambaa kilichowambwa kwenye fremu ya mbao.

Kazi huanza na mandharinyuma: rangi moja, au mbili zinazoingiliana, hupakwa kwa brashi pana, kisha picha huanikwa. Kwa kuwa rangi hiyo hukauka polepole, mchoraji hushughulikia picha kadhaa kwa zamu. Iliyokauka huchorwa umbo la mnyama, ndege au mti. Mwisho hushikwa brashi nyembamba: chui hutiwa madoa, kanga vitone vyeupe, na macho huzungushiwa mstari. Wanagenzi hujifunza kando ya fundi, wakianzia kupaka mandharinyuma na kujaza maumbo. Picha ikikamilika, mchoraji huandika jina lake kwenye kona ya chini.