Trio ya Bill Evans (1959–1961)

Trio ya Bill Evans ilikuwa kundi la jazi la Marekani lililoundwa New York mwaka 1959 na mpiga piano Bill Evans (1929–1980), mpiga besi Scott LaFaro (1936–1961) na mpiga dramu Paul Motian (1931–2011). Haikumaliza miaka miwili. Iliacha albamu mbili za studio na rekodi za siku moja ukumbini, lakini baada yake besi katika trio ya piano haikuwa tena ile ya zamani.

Kabla ya hapo kazi zilikuwa zimegawanywa. Piano ilibeba melodia, besi ilitembea mapigo manne kwa kila kipimo ikishikilia noti ya msingi ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), dramu ililinda mwendo. Evans alitaka wote watatu wabuni kwa pamoja, papo hapo, bila mmoja kumsubiri mwenzake amalize.

Ufunguo ulikuwa mkono wake wa kushoto. Mara nyingi hakuigusa noti ya msingi. Alishika noti za ndani ya kodi, hasa ya tatu na ya saba, nazo zinatosha kumwonyesha msikilizaji wimbo umefika wapi. Huku chini kukabaki nafasi, na LaFaro akaitumia kwa uhuru wa ajabu: aliruka pigo la kwanza, akapanda kwenye sauti za juu, akajibu kipande cha melodia kabla hakijaisha, kisha akashuka kwenye noti nzito pale ilipohitajika. Nyuzi zake alizishusha karibu na ubao wa vidole, akazidonoa kwa vidole viwili vikipokezana, ndipo akapata kasi ile. Motian naye, mara nyingi kwa brashi, hakulitamka kila pigo. Mwendo haukupotea; wote waliuhesabu kichwani, hivyo hakuna aliyelazimika kuupiga muda wote.

Mfano ulio wazi zaidi ni “Autumn Leaves” katika albamu ya Portrait in Jazz, iliyorekodiwa tarehe 28 Desemba 1959. Melodia ikishaisha, piano na besi zinarushiana vipande vifupi, dramu ikidokeza tu, na mwendo unaning'inia. LaFaro anapoanza hatimaye kutembeza besi chini ya solo ya Evans, wimbo mzima unachomoka. Nguvu hiyo inatokana na kule kucheleweshwa.

Baada ya albamu ya pili ya studio, Explorations (Februari 1961), mtayarishaji Orrin Keepnews wa kampuni ya rekodi ya Riverside aliwarekodi Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961 katika Village Vanguard, klabu iliyo chini ya ardhi huko Manhattan. Walipiga awamu tano, mchana na usiku. Umeme ulikatika katikati ya “Gloria's Step”, na gumzo la wateja na milio ya glasi vimebaki kwenye mkanda.

Tarehe 6 Julai LaFaro alifariki katika ajali ya gari, akiwa na miaka 25. Evans alikaa miezi kadhaa bila kupiga hadharani. Sunday at the Village Vanguard, albamu ya kwanza kutoka rekodi za Jumapili ile, ilipangwa kumuenzi marehemu: inafunguliwa na “Gloria's Step” na kufungwa na “Jade Visions”, zote tungo zake. Ya pili, Waltz for Debby, ilifuata mwaka 1962.

Chuck Israels alichukua nafasi ya LaFaro kwenye besi. Mwishoni mwa 1963 mpiga besi mwingine, Gary Peacock, alirekodi na Evans na Motian albamu ya Trio 64. Karibu miaka 20 baadaye, mwaka 1983, Peacock aliingia studio na mpiga piano Keith Jarrett na mpiga dramu Jack DeJohnette, katika trio iliyoendeleza ubunifu huo wa pamoja kwa miongo mitatu.