Uso Ulichapwa, Jina Likaachwa

Mtaje Marsha P. Johnson mbele ya kijana anayejua mambo, atakurukia: si yule aliyerusha jiwe la kwanza Stonewall? Hebu tuanze hapo, maana sifa za bure huharibu historia. Usiku wa kuamkia Juni 28, 1969, polisi wa New York waliivamia baa ya Stonewall Inn, na wateja waliochoka kukamatwa-kamatwa wakakataa kutawanyika. Lakini Marsha mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alifika vurumai imekwishaanza. Mimi namheshimu zaidi kwa kusema hivyo.

Alizaliwa mwaka 1945 huko Elizabeth, New Jersey, akapewa jina la kiume. Marsha ni jina alilojichagulia. Akiulizwa ile P ni ya nini, alijibu: "Pay It No Mind", yaani achana nayo, isikushughulishe. Maneno ya kanga kabisa! Na bahati nzuri Kiswahili chetu hakinitesi: nikisema "alikuja" nimemaliza, sina haja ya kumgawa mtu kuwa mume au mke.

Mwaka 1970 yeye na Sylvia Rivera walianzisha kikundi cha STAR, wakatafuta mahali pa kuwalaza vijana waliofukuzwa makwao kwa kukataa jinsia waliyopangiwa. Hela ya kodi waliitafuta barabarani, kwa kujiuza. Nyumba yenyewe haikudumu.

Sasa njoo kwenye picha. Mwaka 1974 Mwitaliano mmoja mfanyabiashara wa sanaa, Luciano Anselmino, alimtaka Andy Warhol achore watu wa aina ya Marsha. Wengi walitafutwa katika klabu ya Gilded Grape, karibu wote weusi na Walatino. Walipigwa picha za Polaroid zaidi ya 500, na malipo ya kukaa mbele ya kamera yalikuwa dola 50. Marsha alikuwa mmoja wao.

Ufundi wake unaujua, ndugu msomaji, hata kama hujawahi kuingia jumba la sanaa. Ni ule ule wa fulana za kampeni. Picha inahamishiwa kwenye kitambaa chepesi kilichobanwa kwenye fremu; penye picha wino unapita, pengine umezibwa. Unamimina wino, unauvuta kwa mpira, unanyanyua fremu: uso huo! Unarudia mara mia ukitaka. Warhol alichapa uso juu ya mabaka ya rangi, mengine ya karatasi zilizochanwa, hivi kwamba midomo na nywele zinaonekana kama zimepakwa vipodozi kwa haraka.

Mwaka 1975 kazi hizo zikaonyeshwa Ferrara, Italia, kwa jina Ladies and Gentlemen. Mabibi na mabwana, lakini mabibi gani? Waliokaa kwenye kiti hawakutajwa. Kwa miaka mingi walibaki nyuso tu, wakati picha za wateja matajiri wa Warhol zilikwenda na majina yao. Sisemi alikuwa mwizi, alilipa alichoahidi. Nasema uchapaji unaweza kumsambaza mtu dunia nzima na bado ukamficha. Picha zilipokuwa kwenye kuta za wenye nazo, Marsha alikuwa mtaani, mara nyingi hana pa kulala, maua kichwani.

Julai 6, 1992, mwili wake ulikutwa katika Mto Hudson. Polisi walisema haraka kwamba amejiua. Rafiki zake walibisha miaka nenda rudi, mpaka faili likafunguliwa upya mwaka 2012.

Siku hizi uso wake umo kwenye mabango na fulana za watu ambao hawakuwahi kumwona, na wanaochapa hizo hawasahau kuandika ni nani. Agosti 24, 2020, siku ambayo angetimiza miaka 75, bustani moja ya kando ya mto, Brooklyn, ilipewa jina lake: Marsha P. Johnson State Park. Ile P wameiacha palepale.