Zamu ya Bani: Walinzi wa Moto katika Nchi ya Songea

Asiyepata kulala jirani na bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, katika vijiji vya Songea na Namtumbo hudhani ya kuwa kengele ya moto ni chombo kilichokuja na umeme, kinachotundikwa darini na kusahauliwa hata siku betri yake inapokaribia kwisha na kuanza kulia kama kifaranga aliyepotewa na mamaye. Kumbe katika nchi hii, iliyochukua jina la nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, ilikuwako kengele nyingine kabla ya hiyo, nayo ilikuwa na pua, masikio na mikono miwili, na matengenezo yake yalikuwa ni usingizi wa mchana.

Mwaka 1936, miaka mitatu baada ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Wachagga, kiliundwa Songea chama kikuu cha ushirika cha Ngoni-Matengo, na mali kubwa kiliyoiuza ilikuwa tumbaku ya moshi, ambayo tofauti yake na tumbaku ya mvuke ya Tabora ndiyo asili ya hadithi yangu yote. Ya mvuke hukaushwa kwa joto lipitalo ndani ya bomba, na moshi hutolewa nje. Ya moshi hutundikwa katika fito juu ya moto wenyewe, ndani ya banda la miti lililoezekwa nyasi, na moto huo wa magogo hautakiwi kuwaka wala kuzimika, bali kufuka tu, siku baada ya siku, mpaka jani litoke katika umanjano liingie katika hudhurungi. Nyasi juu, majani makavu katikati, makaa chini: mtu angetaka kulitega shamba lake asingepata mtego ulio bora zaidi.

Kwa hiyo kila bani lilikuwa na zamu, na zamu ilikuwa na ada zake. Mlinzi aliingia ameinama, maadamu moshi hukaa juu, akapeleka kiganja chini ya fito za chini kabisa kupima joto, kisha akazikagua kamba moja moja. Maana jani likikauka husinyaa, na fundo lililokaza juzi leo limelegea, na jani moja likichomoka na kudondokea makaa ndilo litakalopandisha ulimi wa moto hata paani. Alilikunja jani uti wake: ukipinda kimya, moto uendelee, ukikatika kwa mlio, kazi imekaribia. Mwisho akafagia, na kufagia huku vipande vya majani vilivyoanguka, wallahi, nakuona kuwa ndiyo elimu yenyewe ya kazi ile. Hapana katika haya lililo gumu. Ugumu ulikuwa katika kuyafanya usiku wa kumi kama yalivyofanywa usiku wa kwanza, hali siku zote tisa zilizotangulia hapakutokea kitu.

Hadhari iliposhindwa palikuwa na yowe, na debe tupu la kupigwa, na majirani kutoka na maji na matawi mabichi bila ya kuuliza bani ni la nani. Nchi ambayo katika vita vya Maji Maji ilishuhudia misheni ya Peramiho ikichomwa mwaka 1905, kisha majeshi ya Wajerumani yakateketeza vijiji na vyakula vyake hata njaa ikaingia, haikuhitaji kufunzwa maana ya yowe la usiku.

Kisha zama zikageuka: vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982. Mwaka 2018 umeme wa gridi ulifika Songea kutoka Makambako, mji ukapumzika na ngurumo za jenereta za dizeli, na katika nyumba chache mpya nimeona king'ora cha moshi darini. Masharti yake ni haba mno: kibonyezwe kila mwezi, kipewe betri mpya kwa wakati, kibadilishwe baada ya miaka 10. Katika nyumba moja nilikikuta kikiwa wazi, kitupu, betri zake zimehamishiwa katika rimoti ya televisheni kwa ajili ya mpira, na mwenye nyumba, mjukuu wa mkulima wa tumbaku, akaniambia kwamba atazirudisha kesho.