"Kosa" Lisilo Kosa: Historia ya Istilahi Moja ya Uhakiki

Mwaka 1856 mhakiki Mwingereza John Ruskin, katika juzuu ya tatu ya kitabu chake Modern Painters, alibuni istilahi ya maneno mawili. La kwanza lilihusu hisia. La pili lilimaanisha kosa la fikra. Alikusudia desturi ya waandishi ya kuipa bahari, upepo au mvua moyo wa binadamu. Mfano wake mmoja ulitoka katika riwaya ya Charles Kingsley, Alton Locke (1850), yenye shairi la msichana aliyekufa maji, ambamo povu la bahari linaitwa katili. Povu, alieleza Ruskin, halina ukatili. Akili iliyovurugwa na majonzi ndiyo iionayo hivyo. Hata hivyo, majonzi yakiwa ya kweli, alikuwa tayari kulisamehe kosa hilo.

Baadaye wahakiki wengi waliitumia istilahi hiyo bila ya lawama, ilhali neno lake la kwanza, katika Kiingereza cha kawaida, lilikuja kumaanisha kitu cha kutia huruma au dharau. Hapo ndipo penye mtego. Mfasiri akiandika "kosa la kusikitisha", mwanafunzi atafundishwa kuuona ufundi wa mwandishi kuwa ni dosari, tena ya aibu.

Yafaa pia tutenganishe mambo mawili. Katika Bleak House (1852–53), Charles Dickens anafungua hadithi kwa ukungu wa London, ambao ni mzito zaidi karibu na mahakama ilimokwama kesi ya mirathi kwa miaka mingi. Kazi kuu ya ukungu huo si kubeba hisia. Unaashiria mkanganyo wa sheria. Hiyo ni taswira ya hali ya hewa. Asemaye kwamba mawingu yanalia pamoja na mfiwa anafanya jambo jingine: anatumia tashihisi, lakini tashihisi irudishayo hisia za mhusika. Kwa hiyo tunapendekeza hii iitwe mwangwi wa hisia.

Walimu nao wajihadhari. Mvua haina maana moja: kwa mkulima aliyengoja masika, ngurumo ya kwanza ni furaha, kwa mvuvi aliye mbali na pwani, ni hofu. Maana itafutwe kwa mhusika na mahali pake, si katika orodha ya kukariri. Istilahi njema hueleza. Haihukumu hadithi kabla haijasomwa.