Uendelevu wa nani?

Uendelevu umezaliwa na kitenzi enda, ukapitia endelea, kisha ukavikwa kiambishi -vu, kama potea ilivyotupa potevu na legea ikatupa legevu. Kiambishi hicho hutaja hulka. Kitu endelevu, basi, hakiishii kuendelea leo. Kuendelea ndiyo tabia yake. Kwangu mimi neno letu limelipita durable la Kifaransa, ambalo hata kiatu kigumu hulipata.

Matata huanza linapoingia ofisini: mkakati wa uendelevu wa kampuni. Mkakati huchukua wa, uendelevu nao wa, kwa hiyo sarufi haituambii hilo wa la mwisho ni la nani. Ni mkakati wa kampuni, au ni uendelevu wa kampuni yenyewe? Wingi hufichua siri. Mikakati ya uendelevu ya kampuni ni mipango ambayo kampuni imejiwekea. Mikakati ya uendelevu wa kampuni ni hila za kampuni kutokufa.

Wakazi wa Lubumbashi, mji wa madini wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanaijua tofauti hiyo kwa matumbo yao. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali na mrithi wa Union Minière du Haut-Katanga iliyoundwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi nyumba, shule, hospitali na posho ya bunga, yaani unga. Wakaiita baba na mama. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia 1994 hazikufika 50,000. Hospitali na bunga vilitoka katika mfuko uleule wa shaba, vikaporomoka nayo. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikwisha kukipa kitabu chake cha 2001 jina la wana wa Shaba waliotelekezwa na baba yao.

Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni ya madini itenge angalau 0.3% ya mauzo yake kwa miradi ya jamii, na isaini na wenyeji cahier des charges. Mimi naiita hati ya majukumu. Fedha ni mwanzo. Anayeandaa mkakati aulize kwanza: mgodi ukifungwa, nani atamlipa muuguzi, na pampu ya maji itanunuliwa mafuta na nani?

Tukirudi kwenye sarufi, nami nikilazimika kutumia umoja badala ya wingi, nageuza mpangilio: mkakati wa kampuni wa uendelevu.